Miiba ya sumu ndani ya fremu: Fahamu picha za sanaa za samaki waliohifadhiwa

MVUVI wa pwani anayekung'uta wavu wake alfajiri ana tahadhari ambayo hakufundishwa darasani. Akimwona tasi, hamkumbatii kwa kiganja. Akimwona ngogo, humvunja miiba kabla hajamtia katika tenga. Akimwona taa, huanza kwa kuutafuta mkia uko upande gani.

Samaki hao, pamoja na jamaa zao wa bahari nyingine, wana maisha ya pili ambayo wavuvi wengi hawajapata kuyaona. Wako katika kuta za majumba ya makumbusho na kumbi za sanaa za Marekani, Japani na Ulaya, wakiwa ndani ya fremu na nyuma ya kioo, wengine wamekuzwa hadi kumzidi mtazamaji kwa kimo.

Wanaoning'inia si samaki wenyewe. Ni picha zilizochapwa kwenye karatasi bora, zikimwonyesha samaki aliyekufa miaka mingi iliyopita na kuhifadhiwa kwa dawa. Mifupa yake huonekana myekundu au myeupe, mapezi yamekunjuka kama upepeo, na miiba ya mgongoni imesimama mmoja mmoja kama mambo ya hema.

Kwa mtazamaji wa kwanza, picha hizo ni urembo. Kwa wataalamu wa samaki ni kumbukumbu ya kazi. Sanaa hii imezaliwa pale mambo hayo mawili yanapokutana, na historia yake inagusa pwani ya Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani.

Sumu ya kuchoma na sumu ya kuliwa

Kabla ya kuzungumzia picha, yafaa kuondoa mkanganyiko mmoja ambao hata baadhi ya wauzaji wa picha hizi huuendeleza. Si kila samaki mwenye sumu ni wa aina moja.

Bunju ana sumu ndani ya mwili wake, hasa katika ini na mayai. Hachomi mtu. Humdhuru yule anayemla, na sumu yake haivunjwi na moto wa jikoni. Ndiyo maana habari za familia zilizopoteza watu baada ya kula bunju zimejirudia mara nyingi katika ukanda huu.

Samaki wanaozungumziwa hapa ni wa kundi jingine. Hao hubeba sumu katika miiba na huiingiza katika mwili wa adui kwa kumchoma. Sumu yao ni ya protini, na protini huharibiwa na joto. Tasi aliyekaangwa ni kitoweo salama, ingawa saa chache kabla alikuwa na uwezo wa kumliza mtu mzima.

Tasi, ambaye Mombasa na Lamu huitwa tafi, ni mfano mzuri wa jinsi picha inavyoweza kufundisha. Watu wanaomla kila wiki ni wengi, wanaojua idadi ya silaha zake ni wachache. Ana miiba 13 mgongoni, saba upande wa chini karibu na mkia, na minne katika mapezi ya tumboni. Jumla ni 24, na yote ina sumu. Jicho la kawaida haliwezi kuihesabu samaki akiwa sokoni, kwa kuwa miiba hulala ndani ya ngozi. Katika picha ya eksirei huhesabika kama meno ya kitana.

Samaki-simba, mwenye mistari myekundu na mapezi marefu kama manyoya, ana miiba 18 ya sumu: 13 ya mgongoni, miwili ya tumboni na mitatu ya chini. Samaki-jiwe, ambaye hujilaza kwenye matumbawe akifanana na jiwe lenye kuota uchafu, ana idadi hiyo hiyo. Huyo wa mwisho ndiye anayehesabiwa kuwa miongoni mwa samaki wenye miiba ya hatari zaidi duniani.

Kwa muda mrefu vitabu vilitaja samaki 200 hivi wenye miiba ya sumu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, W. Leo Smith na Ward Wheeler, walionyesha kwamba idadi hiyo inazidi 1,200. Mwaka 2009 mtafiti mwingine, Jeremy Wright, alionyesha kwamba jamii ya kambare peke yake, ambamo ngogo amo, ina spishi zisizopungua 1,250 zenye sumu. Smith na wenzake walirudia hesabu mwaka 2016, wakapata kati ya spishi 2,386 na 2,962, na kugundua kwamba sumu ilizuka kwa samaki mara 18 tofauti, kila ukoo ukibuni silaha yake kivyake.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanyika baharini. Ilifanyika katika ghala za makumbusho, kwa kuchunguza samaki waliolala ndani ya mitungi.

Dawa inayozuia kuoza

Samaki huharibika upesi kuliko mnyama yeyote wa nchi kavu, na wakazi wa miji ya joto hawahitaji kuelezwa hilo. Kwa karne nyingi njia pekee za kumhifadhi zilikuwa chumvi, jua na moshi, ambazo zinafaa kwa kitoweo lakini humharibu umbo.

Wakusanyaji wa Ulaya walitumia pombe kali. Mwaka 1893 daktari Mjerumani, Ferdinand Blum, aligundua kwamba formalini hukaza nyama za mwili na kuzizuia zisioze. Hadi leo utaratibu ni ule ule: samaki hulazwa kwanza katika formalini, huoshwa kwa maji, kisha huhamishiwa katika spiriti, ambamo anaweza kukaa miaka 100 na zaidi iwapo mtungi hauvuji.

Tatizo ni rangi. Nyekundu na njano huyeyuka katika spiriti na kutoweka, hivyo samaki-simba aliyekuwa na fahari baharini hubaki na rangi ya chai ya maziwa. Mtu anayetembelea makumbusho akitarajia kuona bahari huishia kuona safu za vitu vya kijivu.

John Randall, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya Bishop huko Hawaii, aliyefariki dunia mwaka 2020 akiwa na miaka 95, alishughulikia tatizo hilo kwa kumpiga picha samaki mara tu anapokufa. Alimlaza kwenye ubao, akayatandaza mapezi kwa pini, akayapaka formalini kwa brashi ili yakauke yakiwa wazi, kisha akampiga picha kabla rangi haijapotea. Kwa njia hiyo aliacha maelfu ya picha, nyingi zikiwa za samaki wa Bahari ya Hindi, na yeye mwenyewe alizipa majina ya kisayansi spishi zaidi ya 800.

Picha za Randall ni safi na za kweli. Hata hivyo, wasanii walichagua njia nyingine: badala ya kuiwahi rangi, waliiacha ipotee na kutafuta kilichobaki ndani.

Samaki anapogeuka kioo

Njia inayotoa picha zenye mvuto mkubwa zaidi ni ile ya kumfanya samaki awe angavu na kuipaka mifupa yake rangi. Haikubuniwa na wasanii. Wataalamu wa maumbile ya wanyama walikuwa wakiitafuta tangu mwisho wa karne ya 19, kwa sababu kumchambua samaki mdogo kwa kisu huivuruga mifupa midogo kuliko sindano.

Mwaka 1967 William Ralph Taylor wa taasisi ya Smithsonian, Washington, alichapisha njia ya kutumia kimeng'enya. Mwaka 1977 Guido Dingerkus na Lowell Uhler waliiongezea rangi ya pili. Mapishi ya leo, tukiyaita hivyo, ni ya hao.

Samaki aliyekwisha kukazwa na formalini huwekwa kwanza katika rangi ya buluu ya alsiani, ambayo hushika gegedu peke yake. Hufuata dawa ya kung'arisha inayoondoa weusi wa ngozi, ya jamii ile ile inayotumika saluni kubadili rangi ya nywele. Kisha huja tripsini, kimeng'enya ambacho kongosho la binadamu hukitoa ili kumeng'enya nyama aliyokula. Katika beseni la maabara hufanya kazi hiyo hiyo polepole: humeng'enya nyama ya samaki hadi mwanga unaanza kupenya.

Baada ya hapo huingia alizarini, rangi nyekundu ambayo asili yake ni mizizi ya mmea uliotumika kutia rangi vitambaa, na ambayo wakemia wa Kijerumani walifaulu kuitengeneza maabara mwaka 1868. Rangi hiyo hung'ang'ania madini ya chokaa yaliyomo katika mfupa. Mwisho, samaki huzamishwa katika gliserini.

Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye miujiza, ingawa maelezo yake ni mepesi. Mwanga hupinda unapotoka katika kitu kimoja kuingia kingine, na kupinda huko ndiko kunakoliwezesha jicho kuona mpaka wa kitu. Gliserini hupindisha mwanga karibu sawa na nyama iliyokwisha kung'arishwa, hivyo mpaka hupotea. Kipande cha kioo cha aina fulani kikizamishwa katika mafuta ya kupikia hutoweka kwa sababu hiyo hiyo. Samaki huyo akitolewa katika gliserini na kuwekwa mezani, huonekana bonge la ute lisilo na maana. Akirudishwa, nyama hutoweka na mifupa huelea peke yake.

Kazi hiyo huchukua siku kadhaa kwa samaki mdogo kama dagaa, na miezi kwa aliye mkubwa. Haina njia ya mkato. Kimeng'enya kikizidi, samaki husambaratika na kazi yote ikawa bure.

Kuna jambo moja ambalo maelezo yanayoambatana na picha hizi hulisahau mara nyingi. Tezi ya sumu ni nyama, nayo hung'arishwa pamoja na nyama nyingine. Picha inamwonyesha mtazamaji mwiba, na katika mwiba mifereji miwili ambamo sumu ilipita, lakini sumu yenyewe haionekani. Kuiona tezi kunahitaji kukata vipande vyembamba mno na kuvitazama kwa darubini. Anayenunua picha ya samaki-jiwe ananunua ala, na upanga umekwisha kuchomolewa.

Kutoka maabara hadi ukutani

Mtu aliyeifanya njia hii ijulikane nje ya maabara nchini Marekani ni Adam Summers, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington anayefanya kazi katika kituo cha Friday Harbor, kisiwani San Juan. Wengi wanaifahamu kazi yake bila kulijua jina lake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mshauri wa kisayansi wa filamu ya katuni ya Finding Nemo iliyotoka mwaka 2003.

Summers amekuwa akichunguza jinsi mwili wa samaki unavyofanya kazi kama mtambo, wakiwamo taa, ambao hawana mfupa hata mmoja na hujengwa kwa gegedu tupu. Picha alizopiga kwa ajili ya utafiti zilionekana kuwa na uzuri wake, na mwaka 2013 zilionyeshwa kwa umma katika jumba la viumbe wa majini la Seattle, zikiwa zimechapwa kwa ukubwa unaomfanya samaki wa sentimita chache alingane na dirisha.

Nchini Japani, Iori Tomita, aliyesomea uvuvi chuoni na kuwahi kufanya kazi hiyo, aliichukua njia hiyo hiyo na kuiita sanaa moja kwa moja. Vielelezo vyake vya zambarau, buluu na nyekundu vilichapishwa katika vitabu vya picha kuanzia mwaka 2009 na kuwavutia vijana ambao hawangefungua kitabu cha biolojia.

Wengine walitumia eksirei. Katika makumbusho ya historia ya viumbe ya Smithsonian, ambayo ina mkusanyiko wa samaki wapatao milioni nne, mtaalamu Sandra Raredon alipiga maelfu ya picha za eksirei ili watafiti waweze kuhesabu mifupa bila kumpasua samaki ambaye huenda ni wa pekee duniani. Mwaka 2012 chapa 40 kati ya hizo zilitundikwa katika ukumbi wa makumbusho hayo, kisha zikazungushwa katika miji mingine.

Eksirei na samaki ni marafiki wa zamani. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hiyo mwishoni mwa mwaka 1895. Miezi michache tu baadaye, Josef Maria Eder na Eduard Valenta wa Vienna walitoa mkoba wa picha 15 za kuonyesha uwezo wake, na miongoni mwa vitu walivyovilaza mbele ya mionzi walikuwamo samaki wa matumbawe, mmoja wao wa jamii ya kangaja. Picha hiyo, yenye miaka zaidi ya 120, bado inapendeza kuliko nyingi za leo.

Ipo pia njia ya tatu, isiyohitaji kemia mpya: kumpiga picha samaki akiwa ndani ya mtungi wake, pamoja na spiriti iliyogeuka njano, kizibo na karatasi ya jina. Mpiga picha Mmarekani Rosamond Purcell alijijengea sifa kwa kazi za aina hiyo kwa kutumia mwanga wa dirishani, baadhi akizitoa pamoja na mwandishi wa sayansi Stephen Jay Gould, kikiwamo kitabu chao cha mwaka 1992 kuhusu wakusanyaji wa kale.

Leo Smith, yule wa hesabu za samaki wenye sumu, ameingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Mwaka 2003 alipokuwa akimchambua samaki wa jamii ya samaki-jiwe, aliona mfupa wa ajabu chini ya jicho ambao hukunjuka na kujifunga ukiwa umesimama, mithili ya kisu cha kukunja. Miaka 15 baadaye, mwaka 2018, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas waliutangaza mfupa huo na kueleza kwamba ndio unaowaunganisha samaki-jiwe na jamaa zao katika ukoo mmoja.

Mwaka huo huo kundi lake lilichapisha maelezo ya namna bora ya kupiga picha vielelezo vilivyotiwa alizarini. Rangi hiyo ikimulikwa na taa maalumu gizani huwaka yenyewe, na mifupa hung'aa kama makaa bila nyama kuonekana kabisa. Pia walionyesha jinsi ya kumsimamisha samaki katika gliserini iliyogandishwa kama jeli, apigwe picha kwa mkao wowote, kisha jeli iyeyushwe na samaki arudi mtungini bila dhara. Waandishi waliwalenga wataalamu wenzao, lakini njia hiyo inawafaa wasanii pia.

Samaki wa Zanzibar walioko London

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Jibu liko katika karatasi za majina zilizobandikwa kwenye mitungi.

Katika miaka ya 1840 Mjerumani Wilhelm Peters alikusanya wanyama katika pwani ya Msumbiji na visiwa vya jirani, akawapeleka Berlin. Katika makumbusho ya viumbe ya jiji hilo, ukumbi wa mitungi uliofunguliwa mwaka 2010 una mitungi ipatayo 276,000, ikiwa imepangwa ndani ya chumba cha kioo kinachomulikwa kutoka ndani. Watalii hukizunguka wakipiga picha kwa simu.

Miaka ya 1860, Robert Lambert Playfair, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alinunua na kukusanya samaki, akawapeleka katika makumbusho ya London wakiwa ndani ya spiriti. Mwaka 1866 yeye na Albert Günther walitoa kitabu kuhusu samaki wa Zanzibar, chenye michoro iliyotokana na vielelezo hivyo. Mkusanyiko wa London leo uko katika jengo lililofunguliwa mwaka 2002, lenye rafu za kilomita 27.

Wavuvi waliowatoa samaki hao majini hawakuandikwa majina. Karatasi hutaja mkusanyaji, mahali na mwaka. Jina ambalo watu wa pwani walimwita samaki huyo lilipoandikwa, mara nyingi liliandikwa kwa makosa.

Karne moja baadaye alifika J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, mtaalamu aliyempa jina samaki wa kale aitwaye silakanti, aliyevuliwa mwaka 1938. Yeye na mkewe, Margaret, walisafiri katika miaka ya 1950 kwenye pwani za Msumbiji, Zanzibar na Kenya wakikusanya samaki, naye Margaret akiwachora kwa rangi kabla hawajafifia.

Mwaka 1950, akiwa Pinda, kaskazini mwa Msumbiji, Smith alichomwa kidole gumba na samaki-jiwe. Aliyaandika maumivu hayo katika jarida la kitaalamu mwaka uliofuata, na kueleza jinsi maji ya moto yalivyompa nafuu. Mwaka 1957 aliandika tena, safari hii kuhusu watu wawili waliokufa haraka baada ya kuchomwa, mmoja huko huko Pinda na mwingine Shelisheli.

Maandishi hayo yalitoka Australia ikikaribia kupata dawa. Mwaka 1959 maabara ya serikali ya nchi hiyo ilianza kutoa kinzasumu ya samaki-jiwe inayotengenezwa kwa kutumia damu ya farasi. Huduma ya kwanza haijabadilika sana tangu enzi za Smith: kukitumbukiza kiungo kilichochomwa katika maji ya moto yapatayo nyuzi joto 45, kwa dakika 30 hadi 90, baada ya kuyapima kwa mkono mzima ili mgonjwa asiungue, kisha kumkimbiza hospitali. Kukata jeraha kwa wembe au kulifunga kamba hakusaidii.

Ni vema kuongeza kwamba samaki aliyekufa bado anaweza kuchoma. Sumu iliyobaki katika mwiba haijui kama mwenyewe yu hai, na wanaoparua samaki sokoni huumia kama wavuvi.

Chapa yenyewe

Neno chapa linawachanganya wanunuzi. Picha ya aina hii inaweza kuwa bango la bei ya chini lililotolewa kwa maelfu, au inaweza kuwa chapa ya sanaa, na tofauti haiko katika picha bali katika karatasi, wino na idadi.

Chapa ya sanaa hutolewa kwenye karatasi nene ya pamba isiyo na asidi, kwa wino wa chembe za rangi zisizofifia upesi. Mpiga picha huamua mapema atatoa nakala ngapi, kisha kila moja huandikwa namba kwa penseli pembeni, tuseme 3/25, na kutiwa saini. Akishatoa ya 25, hatoi tena. Ahadi hiyo ndiyo inayolipiwa.

Upigaji wenyewe ni wa subira. Lenzi iliyosogezwa karibu na kitu kidogo huona vizuri unene wa milimita moja au pungufu, hivyo mpiga picha hupiga picha nyingi, kila moja ikilenga kina tofauti, na kompyuta huziunganisha kuwa moja ambayo yote ni kali kuanzia pua hadi mkia. Beseni la gliserini huwekwa juu ya sahani nyeupe yenye mwanga chini yake. Kipovu kimoja cha hewa au unyuzi wa vumbi huweza kugharimu siku nzima.

Jambo la kuangalia zaidi, na ambalo wauzaji wengi hulipuuza, ni maelezo. Picha iliyokamilika hutaja jina la kisayansi la samaki, mahali alipovuliwa, makumbusho anapohifadhiwa na namba yake ya orodha. Picha isiyo na hayo inaweza kumwita samaki yeyote mwenye sura mbaya kuwa ni samaki-jiwe, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Rangi nazo zisimdanganye mtu: wekundu na ubuluu wa kielelezo angavu ni wa dawa, si wa samaki.

Wapo wanaohoji uhalali wa kumfanya kiumbe aliyekufa kuwa pambo. Hoja hiyo ina uzito pale samaki anapouawa kwa ajili ya picha tu, na ina uzito mdogo anapokuwa ametoka katika rafu ambako amelala tangu enzi za mabibi na mababu. Ikilinganishwa na biashara ya samaki wakavu wanaouzwa kwa watalii katika fukwe nyingi duniani, ambako bunju hupulizwa na kutiwa vanishi, chapa moja ya karatasi haimmalizi samaki yeyote baharini. Farasi-bahari wanaokaushwa kwa biashara hiyo wamewekewa masharti ya kimataifa tangu mwaka 2004.

Kwa samaki-simba hali ni tofauti kabisa. Katika Bahari ya Hindi, kwao asili, ni mkazi wa kawaida wa matumbawe. Huko Florida alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1985, akasambaa Karibea yote akila samaki wachanga, na tangu mwaka 2012 jamii yake iliyopitia Mfereji wa Suez imekita katika Bahari ya Mediterania. Huko, wapiga mbizi wanahimizwa kumwua, na anayetaka kielelezo hana haja ya kumwomba mtu msamaha.

Suala zito zaidi ni la umiliki. Samaki waliovuliwa Zanzibar na Msumbiji wakiwa hawana bei wako Berlin na London, na mwanafunzi wa Tanzania anayetaka kuwachunguza alilazimika kutafuta viza na nauli. Afrika ina mikusanyiko yake mikubwa, hasa ule ulioanzishwa na akina Smith mjini Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina idara yake ya samaki. Lakini vielelezo vya kwanza kabisa, vile ambavyo majina ya kisayansi yameegemezwa kwavyo, vingi viko mbali.

Hapo ndipo picha imeanza kubadili mambo. Mwaka 2017 taasisi 18 za Marekani, zikiongozwa na makumbusho ya viumbe ya Florida, zilianza kuwapitisha wanyama waliohifadhiwa katika mashine za eksirei zinazozunguka, kama zile za hospitali, ili kupata umbo kamili la kila mfupa. Summers wa Friday Harbor alikwisha kuanza kazi kama hiyo kwa samaki, akitangaza nia ya kuwapitisha wote duniani. Hadi mradi huo wa taasisi ulipotoa taarifa yake mwaka 2024, vielelezo zaidi ya 13,000 vilikuwa vimekamilika.

Maumbo hayo yamewekwa katika intaneti, kwenye hazina iitwayo MorphoSource, na mengi hayalipiwi. Mwalimu mwenye kompyuta na mtandao wa uhakika anaweza kumfungua samaki kwenye kioo, kumgeuza chini juu, kuhesabu miiba ya mgongoni na kuuona mfereji wa sumu ulipo. Akiwa na mashine ya kuchapa, anaweza kuitundika picha hiyo darasani jioni ile ile.